Mkojo Kama Shahidi wa Sumu Inayoshambulia Ini

Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu, na katika viungo vikubwa vya mwili ni vichache vinavyostahimili mateso kwa ukimya kama hicho. Nyama ya ini yenyewe haina mishipa ya fahamu ya kupeleka habari za maumivu. Isitoshe, sehemu iliyobaki nzima hujitwika kazi ya sehemu iliyokufa, hata mwenye ini hilo asitambue kuwa lolote limetokea. Hapo ndipo ugumu wa tabibu unapoanzia. Mgonjwa anapofika zahanati macho yakiwa ya manjano na tumbo limejaa maji, madhara ambayo yangeweza kuzuiliwa yamekwisha kufanyika.

Ugumu huo huzidi pale ambapo chanzo cha madhara ni kemikali. Kijidudu cha maradhi hukaa mwilini na kuzaana, na kwa hiyo chaweza kutafutwa na kuonekana. Kemikali aghalabu haikai. Ini, ambalo mojawapo ya kazi zake ni kuzigeuza kemikali ngeni ili zipate kutolewa nje, huishughulikia mara tu inapowasili, na baada ya siku chache sumu yenyewe haipatikani tena kwa aliyeila. Yanayobaki ni masalio yake, na masalio hayo hutoka kwa njia kuu mbili, yaani nyongo na mkojo. Nyongo haifikiki kwa urahisi. Mkojo hupatikana kila siku, bila sindano na bila chumba cha upasuaji, hata kwa mtoto mchanga. Si ajabu basi kwamba kwa zaidi ya miaka arobaini wataalamu wa sumu wamejitahidi kuusoma mkojo kama karani asomavyo daftari la matumizi.

Habari ambayo mkojo umekuwa ukiitoa tangu zamani

Hata kabla ya kuwapo maabara, watu walijua kwamba mkojo mweusi kama chai ya rangi huenda pamoja na manjano ya macho. Sababu yake inaeleweka vizuri. Chembe nyekundu za damu zinapokufa, rangi yake huvunjwa na kuwa kitu cha manjano kiitwacho bilirubini. Mwanzoni bilirubini haiyeyuki katika maji. Husafiri katika damu ikiwa imeng'ang'ania protini, na figo haziwezi kuichuja. Ini huipokea, huiunganisha na aina ya sukari iliyogeuzwa kuwa asidi, kisha huimimina katika nyongo. Ini likiwa limeumia, au njia ya nyongo ikiziba, bilirubini hii iliyokwisha kuunganishwa hurudi katika damu, na kwa kuwa sasa inayeyuka, figo huipitisha katika mkojo.

Kwa hiyo bilirubini ikionekana katika mkojo, shaka huliangukia ini au mirija yake. Jambo hili lina faida kubwa katika nchi zenye malaria. Malaria huvunja chembe nyekundu za damu kwa wingi na yaweza kuyafanya macho yawe ya manjano, lakini bilirubini inayozidi katika hali hiyo ni ile ambayo bado haijaunganishwa, isiyopita kwenye figo. Kijikaratasi cha kupimia mkojo chaweza kumsaidia tabibu asiye na kifaa kingine kuzitenga hali hizo mbili, ingawa mgonjwa mwenye malaria kali aweza kuumia ini pia, na hapo kijikaratasi hakimtoshi tena.

Kasoro ya kipimo hiki ni kuchelewa. Bilirubini huingia katika mkojo baada ya ini kushindwa kazi yake. Kipimo kilicho mbele kidogo ni kile cha vimeng'enya vya ini katika damu, ambacho kilianza kutumika katika miaka ya 1950, baada ya wachunguzi wa Marekani na Italia kuonyesha kwamba seli za ini zinapopasuka humwaga vimeng'enya vyake katika mkondo wa damu. Wengi huuliza mbona vimeng'enya hivyo havipimwi katika mkojo. Jibu ni la ukubwa tu: hivyo ni protini, na chujio la figo lenye afya haliruhusu protini kubwa kupita. Mkojo hutoa habari za molekuli ndogo, na kati ya hizo ndimo masalio ya sumu yalimo.

Sumu ya ukungu

Mfano uliochunguzwa kwa undani kuliko mingine ni ule wa aflatoksini, iliyo mojawapo ya sumu ambazo siku hizi huitwa sumukuvu. Mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa nchini Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Uchunguzi ulionyesha kwamba mashudu hayo yalikuwa na sumu itokanayo na ukungu uitwao *Aspergillus flavus*, na jina la sumu likaundwa kwa kuunganisha vipande vya jina la ukungu huo. Aina zake kuu zilipewa herufi kufuatana na rangi inayong'aa zinapomulikwa kwa mwanga wa urujuanimno: B kwa buluu na G kwa kijani, kama rangi hizo ziitwavyo kwa Kiingereza. Herufi M ilikuja baadaye, kutokana na jina la Kiingereza la maziwa, kwa sababu aflatoksini M1 ilitambuliwa kwanza katika maziwa ya ng'ombe waliokula chakula chenye B1.

Kwa muda jambo hili lilichukuliwa kuwa la wafugaji. Kisha mwaka 1974 katika majimbo ya Gujarat na Rajasthan nchini India watu walianza kuugua ini baada ya kula mahindi yaliyonyeshewa na kuota ukungu. 106 walikufa, na mbwa wa vijiji hivyo, waliokula mabaki ya chakula kile kile, walikufa pia. Mwaka 1981 yalitokea maafa ya namna hiyo Machakos, Kenya, ambako katika wagonjwa 20 waliolazwa 12 walifariki. Maafa makubwa zaidi ni yale ya mwaka 2004 katika mashariki ya Kenya, hasa wilaya za Makueni na Kitui: wagonjwa 317 waliorodheshwa na 125 kati yao wakafa. Katika sampuli za mahindi zilizochukuliwa madukani na sokoni wakati huo, asilimia 55 zilizidi mikrogramu 20 kwa kilo, kiwango kilichokuwa mpaka wa kisheria, na asilimia 7 zilizidi mikrogramu 1,000. Tanzania ilifikiwa mwaka 2016, mikoani Dodoma na Manyara, ambako wagonjwa 68 walihesabiwa na 20 wakapoteza maisha.

Maafa ya aina hiyo huonekana kwa sababu watu hufa katika wiki chache. Yasiyoonekana ni madhara ya kiasi kidogo kiliwacho kila siku kwa miaka mingi. Kuchemsha hakuiondoi sumu hii. Ugali ulioiva vizuri unaweza kuwa nayo karibu yote iliyokuwamo katika unga. Kukoboa hupunguza sehemu kubwa, kwa kuwa sumu hujikusanya zaidi katika ganda na kiini cha punje, na hapo sembe, inayolaumiwa kwa haki na wataalamu wa lishe, ina nafuu ambayo dona haina. (Pumba zinazobaki hupewa kuku na ng'ombe, na hiyo ni hadithi nyingine.) Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliziweka aflatoksini katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu mwaka 1987.

Safari ya sumu ndani ya ini

Aflatoksini B1 jinsi inavyoliwa haina ukali mwingi. Ukali huzaliwa ndani ya ini, kwa juhudi za ini lenyewe. Vimeng'enya vya kundi la saitokromu P450, ambavyo kazi yake ni kuongeza oksijeni katika molekuli ngeni ili ziyeyuke kwa urahisi katika maji, huishika B1 na kuigeuza kwa namna zaidi ya moja. Namna mojawapo huzaa aflatoksini M1, isiyo hatari sana kama mama yake, nayo hutoka katika mkojo na, kwa mama anyonyeshaye, katika maziwa. Namna nyingine huzaa epoksidi, molekuli yenye haraka ya kujiunga na chochote kilicho karibu nayo.

Epoksidi hiyo ina njia tatu mbele yake. Ikibahatika kukutana na glutathioni, ambayo ni ngao ya seli dhidi ya sumu za aina hii, huunganishwa nayo na kutolewa nje bila madhara. Ikikutana na protini, hujibandika humo; albumini ya damu, ambayo hutengenezwa na ini lenyewe, hubeba alama hiyo muda wote wa uhai wake. Ikifika katika kiini cha seli, hujiunga na DNA, mahali penye guanini, moja ya herufi nne za maandishi ya urithi. Muungano huu wa mwisho si imara. Guanini iliyoshikwa hung'oka pamoja na sumu yake, huacha pengo katika maandishi, na hatimaye hutupwa katika mkojo. Pengo likijazwa kwa makosa, huzaliwa badiliko la kudumu. Mwaka 1991 ilionekana kwamba saratani nyingi za ini kutoka China na kusini mwa Afrika zilikuwa na kosa lile lile moja, mahali pale pale, katika jini iitwayo p53 inayozuia seli zisizaane ovyo.

Tofauti kati ya masalio haya yafaa kuzingatiwa. M1 katika mkojo inasema kwamba sumu imeingia mwilini. Guanini iliyobeba aflatoksini inasema zaidi ya hapo: kwamba sumu imefika katika maandishi ya urithi na kuyagusa. Tena mtu anaweza kutoa M1 kwa kuwa tu amekunywa maziwa ya ng'ombe aliyelishwa mashudu mabovu, hali yeye mwenyewe hakula nafaka yenye ukungu. Kwa hiyo shahidi wa pili ana uzito kuliko wa kwanza, ingawa kumpata ni kazi ngumu na ya gharama.

Ugumu huo waweza kukadiriwa kwa hesabu ndogo. Tuseme mtu anakula gramu 400 za unga kwa siku, kiasi cha kawaida kwa familia inayotegemea ugali, na unga huo una mikrogramu 5 za B1 kwa kilo, ambao ndio mpaka uliokubaliwa na nchi za Afrika Mashariki. Atakuwa amekula mikrogramu 2. Katika hizo, takriban asilimia moja hadi mbili hutoka katika mkojo kama M1. Ikichukuliwa moja na nusu, ni nanogramu 30. Zikigawanywa katika lita moja na nusu ya mkojo wa siku, kila lita ina nanogramu 20, sawa na sehemu 20 katika trilioni. Hakuna kijikaratasi cha rangi kinachoweza kuona kiasi hicho peke yake. Katika maabara mkojo hupitishwa kwenye mrija mdogo wenye kingamwili zilizotengenezwa kuishika aflatoksini na kuacha mengine yote yapite. Sumu iliyonaswa huoshwa kwa pombe, hutenganishwa kwa shinikizo katika mrija mwingine, na hatimaye hupimwa kwa ile ile tabia yake ya kung'aa.

Kutoka Murang'a hadi Shanghai

Kenya ina nafasi ya heshima katika historia ya utafiti huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wachunguzi walikusanya chakula kilichopikwa katika sahani za watu wa Murang'a, wakakipima, na kuona kwamba mahali penye aflatoksini nyingi ndipo penye saratani ya ini nyingi. Sahani, hata hivyo, haisemi kilichotokea ndani ya mwili. Mwaka 1983 mkojo wa watu wa wilaya hiyo hiyo ulionekana kuwa na kitu kilichong'aa sawasawa na guanini iliyobeba aflatoksini, na mwaka 1987 zikatolewa habari za uchunguzi wa sehemu mbalimbali za Kenya, ambapo asilimia 12.6 ya waliopimwa walikuwa na alama hiyo, hasa katika nyanda za juu za magharibi na Mkoa wa Kati.

Ushahidi uliomaliza ubishi ulitoka China. Kati ya 1986 na 1989 wanaume 18,244 wa mji wa Shanghai, wenye umri wa miaka 45 hadi 64, walitoa damu na mkojo wakiwa wazima, na sampuli zao zikahifadhiwa katika baridi kali. Miaka ilipopita, baadhi yao walipatwa na saratani ya ini, na mkojo wao wa zamani ukatolewa na kupimwa pamoja na wa wenzao waliobaki salama. Hesabu zilizochapishwa mwaka 1994, wagonjwa walipokuwa wamefika 50, zilionyesha kwamba mtu mwenye masalio ya aflatoksini peke yake alikuwa na hatari mara 3.4 ya yule asiyekuwa nayo. Mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B peke yake, mara 7.3, na mwenye yote mawili, mara 59.4. Sumu na virusi hazijumlishani, bali huzidishana. Chanjo dhidi ya virusi hivyo, ambayo watoto wa Kenya na Tanzania walianza kupewa kwa utaratibu wa kawaida mapema katika miaka ya 2000, inapunguza basi pia ukali wa mahindi mabovu.

Jambo moja katika uchunguzi wa Shanghai halitajwi mara nyingi kadiri linavyostahili. Wanaume hao waliulizwa pia vyakula walivyokula, na wachunguzi wakakadiria aflatoksini kwa kutumia majibu hayo. Makadirio hayo hayakuonyesha uhusiano wowote na saratani. Mkojo ndio uliouonyesha. Ukungu hauenei sawasawa katika gunia. Punje chache zaweza kubeba sumu karibu yote, na hakuna mlaji awezaye kueleza ni punje zipi zilizomfikia yeye.

Kula sumu si sawa na kuumia

Pamoja na sifa zote hizo, mkojo una mipaka, na mipaka hiyo imekuwa ikisahauliwa na wenye haraka ya kuuza vipimo. Masalio yaliyotajwa hutoka katika siku mbili au tatu tu baada ya kula. Mgonjwa aliyeacha mahindi mabovu wiki tatu zilizopita aweza kuwa na mkojo safi kabisa huku ini lake likizidi kudhoofika. Kwa ajili ya muda mrefu hutumiwa albumini ya damu, ambayo nusu ya alama zake hubaki baada ya siku kama 20. Ndiyo iliyotumiwa kuwatofautisha wagonjwa na jirani zao katika maafa ya Kenya ya 2004. Halafu mkojo huwa mzito au mwepesi kwa kadiri mtu alivyokunywa maji na kutoka jasho, na kwa hiyo kiasi cha sumu hulinganishwa na kriatinini, taka ya misuli inayotoka kwa kiasi kisichobadilika sana siku hadi siku. Kwa mtoto mwenye utapiamlo, aliyekonda misuli, hata mizani hiyo hupotoka.

La msingi zaidi ni kwamba hivi ni viashiria vya sumu kuingia, wala si vya ini kuumia. Kutafuta katika mkojo kiashiria cha kuumia kwenyewe ni kazi ambayo haijafanikiwa kwa kiwango hicho hicho. Kilichotarajiwa sana wakati mmoja ni taurini. Panya waliopewa kaboni tetrakloridi, kioevu kilichotumiwa zamani kusafishia nguo, hutoa taurini nyingi katika mkojo ini linapoanza kufa. Hutokana na malighafi ile ile inayotumika kutengeneza protini na glutathioni. Ini likishindwa kujenga protini, malighafi hiyo humwagika upande wa taurini. Lakini sumu inayoteketeza glutathioni huifanya taurini ipungue badala ya kuzidi. Na kwa binadamu kuna pingamizi lisilohitaji maabara: taurini imo kwa wingi katika samaki na viumbe wa baharini. Mvuvi wa Pemba aliyekula pweza jana angeonekana mgonjwa kuliko mkulima wa Kondoa aliyekula ugali kwa mchicha.

Njia iliyofuata ilikuwa kuacha kutafuta kiashiria kimoja, na kutazama mamia ya molekuli za mkojo kwa pamoja kwa kutumia sumaku zenye nguvu nyingi. Kazi hiyo iliongozwa na Chuo cha Imperial mjini London, na ilileta jambo ambalo halikutazamiwa. Mwaka 2006 ilionekana kwamba mkojo wa panya uliochukuliwa kabla ya kupewa paracetamol ulibashiri ni panya gani wangeumia ini zaidi. Mwaka 2009 uchunguzi wa wanaume 99 waliopewa kiasi cha kawaida cha dawa hiyo ulionyesha kwamba namna mwili unavyoishughulikia hutegemea kwa sehemu taka za bakteria wa utumboni, ambazo hushindania vifaa vile vile vya kuisafisha. Ni elimu yenye thamani, lakini sumaku hizo ni ghali mno kwa hospitali ya wilaya, na haielekei kwamba zitafika huko karibuni.

Faida iliyo karibu ni ya namna nyingine, nayo ni kupima kama hatua za kinga zinafaa. Mtu akingojea saratani ipungue ndipo ajue kwamba ghala jipya limesaidia, atangoja miaka thelathini. Mkojo humjibu katika wiki chache. Katika wilaya ya Qidong, China, mwaka 1997, watu 180 waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa klorofilini, inayotokana na rangi ya kijani ya majani, miligramu 100 mara tatu kwa siku. Guanini iliyobeba aflatoksini katika mkojo wao ilipungua kwa asilimia 55 kulingana na wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mizani hiyo hiyo yaweza kutumiwa kupima turubali za kuanikia, magunia mapya, uchambuaji wa punje, au ule ukungu usio na sumu ambao siku hizi hutawanywa mashambani ili uushinde ule wenye sumu.

Kwa wauguzi na mabwana afya wanaokutana kwanza na kundi la wagonjwa wenye manjano katika kijiji kimoja, utaratibu hauhitaji mitambo. Mkojo uchukuliwe siku ile ile mgonjwa anapoonekana, uwekwe katika chupa safi penye giza, kwa kuwa mwanga huiharibu aflatoksini, na ugandishwe mapema iwezekanavyo. Damu ichukuliwe pamoja nao kwa ajili ya albumini na vipimo vya virusi vya homa ya ini. Sampuli za jirani walio wazima ni za lazima kama za wagonjwa, maana bila hizo hakuna cha kulinganisha. Na unga uliobaki ndani ya nyumba uandikwe jina la mwenyewe na upelekwe maabara pamoja na chupa hizo, kabla haujapikwa au kumwagwa.